Hesabu ya Watu Wasioaminiana

“Nimesema Landrova hauzwi, na mimi nikishasema...”

“Ulisema lini? Pasaka ulisema atauzwa, mbele ya katekista ulisema...”

“...nikishasema hauzwi basi hauzwi, Mama Kalista, usinikatize...”

“...mbele ya watu ukasema, mtoto akiitwa tena chuo nauza hata shati. Haya, shati hilo umelivaa, na ng'ombe yule pale anakula...”

“Anakula majani yangu!”

“Na mwanao akale nini?”

 Wilibrodi hakukosa jibu. Majibu alikuwa nayo, ila yote yalikuwa ya matusi, na siku ile ilikuwa Jumapili. Akabaki anamwangalia mkewe Otilia anavyopepeta ulezi, na upepo wa Kasense wa mwezi wa saba, ule wa kupasua midomo, unachukua makapi yote na kumletea yeye usoni. Akahisi mwanamke anafanya makusudi. Akahamia upande wa pili wa mkeka. Upepo nao ukageuka. Wilibrodi akautilia shaka hata upepo.

Landrova alikuwa maksai wa kulimia. Mwenzake aliitwa Posta. Wawili hao wakifungwa nira, shamba la Wilibrodi lilikuwa linaisha kabla jirani hajamaliza kunoa jembe. Lakini maksai mmoja halimi. Ukimuuza Landrova, Posta anabaki pambo, na mwenye shamba anarudi kwenye jembe la mkono, mgongo wenyewe ule ule wa mwaka jana.

Na yote hayo kwa sababu ya chuo. Zamani serikali ilikuwa inambeba mwanafunzi mzima mzima: nauli ya treni, kitanda, wali, hadi hela ya kalamu. Sasa zimekuja hizi siku za ruksa, wenye nacho ruksa kununua, wasio nacho ruksa kuangalia. Wanafunzi wakaambiwa wachangie, wakagoma, chuo kikafungwa, wakarudishwa makwao. Binti yao Kalista akashuka Sumbawanga juu ya lori la chumvi, amejifunga khanga kichwani, vumbi hadi kwenye kope. Sasa redio imetangaza chuo kinafunguliwa, kila mmoja aje na mchango wake.

“Redio ilisema mchango,” Wilibrodi akaanza tena, safari hii kwa sauti ya chini. “Haikusema shilingi ngapi. Kiasi kakitaja nani? Kakitaja yeye.”

“Yeye nani? Mwanao?”

“Ndiyo, mwanangu. Hata aliyeniuzia mbolea ya chokaa alikuwa mtoto wa mtu.”

*

Kuna watu wanaogopa nyoka, Wilibrodi alikuwa anaogopa kuchekwa. Tangu chama cha ushirika kiache kununua mahindi na barabara ijae wanunuzi wa watu binafsi, alishachekwa mara nyingi. Alimuuzia mmoja aliyekuja na debe lake mwenyewe, debe zuri jipya, kumbe kitako kimegongwa kwa ndani mpaka kikatoka tumbo kama mjamzito. Mahindi ya gunia zima yaliishia tumboni humo. Tangu siku hiyo Wilibrodi akifika dukani kununua sukari anageuza kwanza jiwe la mzani aone chini kuna nini.

Basi na binti yake akamgeuza hivyo hivyo.

Alimkuta nyuma ya jiko, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anaandika kwa kijiti kwenye majivu.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Hebu niambie. Huko chuo unasoma nini hasa?”

“Hesabu, baba. Kalkulasi. Kuna darasa la wengi na kuna darasa la wachache, wanaotaka kwenda nalo mpaka mzizi wake. Mimi niliomba hilo la wachache.”

“Mzizi wake. Na tangu mmeanza, mmefika wapi?”

Kalista akasita. Wilibrodi akaona kusita huko na kukuweka akiba.

“Tulianza na... tulithibitisha kwanza vitu vya mwanzo.”

“Kama kipi? Taja kimoja.”

“Kwamba moja ni kubwa kuliko sifuri.”

Mbali kidogo jogoo akawika, kama naye amesikia.

“Sema tena.”

“Moja ni kubwa kuliko sifuri, baba. Inaonekana rahisi, lakini...”

“Mlithibitisha kwa muda gani?”

“Wiki nzima. Na wengine hatukuelewa.”

Wilibrodi hakugomba. Aligeuka akaenda zake hadi zizini, akasimama mbele ya Landrova, akamwambia kwa heshima kabisa, “Umesikia? Wanataka nikuuze wewe ili yule akajue kama moja ni kubwa kuliko sifuri.” Landrova akacheua.

Toka hapo kila kitu kikawa ushahidi. Mtoto anakula kidogo: ana mimba. Anakula sana: ana mimba. Analala mapema: kafukuzwa chuo, anaficha huzuni. Anacheka na mama yake jikoni: wamepanga, wanamla Landrova wawili. Mshikaji mmoja pale kilabuni alimwambia mwanamke mwenye mimba hawezi kukaa karibu na kimea cha ulezi kinapochemka, lazima atapike. Kesho yake Otilia alipokuwa anapika pombe, Wilibrodi akaamuru Kalista akoleze moto, yeye mwenyewe akajibanza nyuma ya ghala anachungulia. Kalista alikaa pale kwenye mvuke mpaka jua likahama. Kisha akachota kwa kata, akaonja, akaonja tena.

“Mama, hii bado changa.”

“Acha kuimaliza basi,” Otilia akasema. Halafu bila kugeuka, kwa sauti ya kufika ghalani: “Na wewe uliyejificha huko, njoo usukume kuni. Mwanao hana mimba. Ungeniuliza mimi ningekwambia, bila kukaa kwenye kinyesi cha kuku.”

*

Jumatano akaja Mwalimu Meshack kwa baiskeli kutoka Kizwite. Wilibrodi alimwita mwenyewe. Huyu ndiye aliyemfundisha Kalista hesabu sekondari, na ndiye aliyezunguka mji mzima akitamba kwamba katoa mtoto wa kike wa kwenda chuo kikuu kusoma hesabu. Alivaa koti la mtumba lenye nembo ya timu ya mpira ya huko Ulaya, akakalishwa kwenye kiti chenye mgongo.

Bahati mbaya, au ndivyo Wilibrodi alivyodhani, siku hiyo hiyo Shigela naye akatokea. Huyu alikuwa Msukuma mfugaji, alihamia bondeni na ng'ombe wengi kuliko waumini wa parokia. Ndiye aliyetaka kumnunua Landrova. Hakukaa. Alisalimia, akaenda moja kwa moja zizini, akamfunua maksai midomo akahesabu meno, akampiga piga nundu, akainua kwato moja baada ya nyingine.

“Nani kakuita?” Wilibrodi akamuuliza.

“Mama kasema nije.”

Wilibrodi akamwangalia Otilia. Otilia akaangalia chungu.

“Sawa,” Wilibrodi akasema. “Wote mpo. Mwalimu, muulize huyu mtoto. Wewe kalkulasi unaijua?”

“Kalkulasi?” Meshack akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeulizwa kama anajua njia ya kwake. “Baba Kalista, hiyo nimeifundisha mpaka chaki imenipa kifua. Kalista, lete daftari.”

Daftari likaletwa. Meshack akalifungua magotini, akalamba kidole, akafunua. Akafunua tena. Otilia aliacha kukoroga. Kule zizini Shigela alikuwa anamsemesha ng'ombe Kisukuma.

“Namba ziko wapi?” Meshack akauliza.

“Hazipo nyingi, mwalimu.”

“Naona maneno. ‘Kwa kila hiki, kipo kile.’ ‘Tuseme sivyo.’ ‘Basi ndivyo.’ Hii ni nini? Barua?”

“Ni uthibitisho.”

“Kalkulasi ina kanuni, mtoto wewe! Unashusha kipeo, unazidisha mbele, umemaliza. Niliwaimbisha. Hukuimba?”

“Niliimba, mwalimu.”

“Sasa mbona hapa hakuna hata wimbo mmoja?” Akafunga daftari, akamgeukia Wilibrodi, na uso wake ulikuwa kama wa daktari anayetoka wodini. “Mzee wangu, mimi sitaki kusema neno baya kwenye nyumba ya mtu. Lakini hizi siyo hesabu ninazozijua mimi.”

Wilibrodi alikuwa anaingoja sentensi hiyo tangu Jumapili. Ajabu, ilipofika haikuwa tamu. Alimwona Kalista amesimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, kama zamani alipovunja kibuyu cha bibi yake. Akatamani mwalimu aendelee kufunua, labda namba ziko mwishoni.

“Haya,” akasema. “Nieleze mimi. Usimweleze mwalimu, yeye keshakataa. Nieleze mimi nisiyejua. Na ukinizungusha, Landrova anabaki.”

Kalista akatazama huku na huku. Kwenye ukuta wa ghala kulikuwa na debe. Akaliendea, akalibeba, akaliweka miguuni pa baba yake.

“Baba, mnunuzi amekuja. Anasema, ‘Mzee, nitakupimia debe lililo sawa.’ Unamwamini?”

“Kwa nini nimwamini?”

“Usimwamini. Mwambie, ‘Sikatai, hakuna debe lililo sawa kabisa duniani. Lakini lisizidi wala lisipungue kwa zaidi ya kikombe kimoja.’ Yeye lazima akuonyeshe mkono wa kupimia ambao kosa lake halitapita kikombe. Asipouonyesha, mfukuze.”

“Namfukuza.”

“Akiuonyesha?”

Wilibrodi akafikiri. “Nambana. Namwambia sasa siyo kikombe, kijiko.”

“Ehee! Naye atafute mkono mwingine, wa taratibu zaidi. Akiupata?”

“Nusu kijiko.” Wilibrodi alikuwa amesimama. “Punje! Namwambia punje moja ya ulezi!”

“Na wewe ndiye unayetaja, siyo yeye. Unataja udogo unaoutaka, saa yoyote, na yeye kila mara lazima awe na jibu. Akikosa mara moja tu, ni mwongo, hata kama mwanzo alijibu vizuri. Lakini ikiwa anaweza kuonyesha kwamba chochote utakachotaja ana jibu lake, hapo ndipo tunakubali neno lake. Baba, ndicho kilichomo humo. Kila ukurasa. Mmoja anabana, mwingine anajibu.”

Wilibrodi alilishika debe mpini, akalitazama ndani, akaligeuza akatazama kitako.

“Hiyo,” akasema polepole, “ni hesabu ya watu wasioaminiana.”

“Ndiyo, baba.”

“Na Wazungu ndio wameitunga?”

“Ndiyo.”

“Kumbe na wao wanaibiana.”

Shigela kule zizini akacheka hadi fimbo ikamponyoka. Lakini Wilibrodi hakucheka. Wazo jingine lilikuwa limemwingia, baya kuliko la kwanza: kwamba mtu aliyefundishwa hesabu ya namna hii ndiye hasa atakayemwibia vizuri. Yule wa debe la tumbo naye alikuwa na maneno laini.

“Umeeleza vizuri,” akasema. “Vizuri mno. Sasa kwenye mtihani ulipata ngapi?”

*

Hapo ndipo Otilia aliposema, “Jamani chai,” na hakuna chai iliyokuwa imewekwa motoni.

“Mtihani kabla ya mgomo,” Wilibrodi akaendelea. “Mlifanya, usiniambie hamkufanya.”

“Tulifanya.”

“Basi?”

“Kumi na moja.”

“Kati ya kumi na ngapi?”

“Kati ya mia, baba. Nilikuwa wa mwisho. Profesa alinishauri nihamie darasa la wengi, nikakataa.”

Mwalimu Meshack alitoa mlio kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mtoto wake, yule aliyemtangaza mpaka sokoni, kumi na moja kwa mia! “Ulifanyaje?” akasema. “Kalista, wewe? Maswali yalikuwa magumu?”

“Majibu nilipata yote, mwalimu. Sikupata maksi. Walitaka nithibitishe, mimi nikaandika...” Akainamisha kichwa. “Niliandika kwamba ni kweli kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa na mwalimu wetu.”



“Profesa akaniita mbele ya darasa. Akauliza, ‘Mwalimu wako alithibitisha?’ Nikasema hapana. Akauliza, ‘Na wewe ulimuuliza?’ Nikasema kwetu mtoto hamuulizi mkubwa kwa nini. Darasa zima likacheka. Akaniuliza jina la huyo mwalimu.”

Meshack akajifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kama baridi ndiyo kwanza imeanza. “Ukamwambia?”

“Nilisema nimelisahau.”

 Mwalimu akalichukua tena lile daftari, akalifungua ukurasa wa kwanza kabisa, akaliweka karibu sana na macho, na hakuna aliyejua kama anasoma au anajificha.

Wilibrodi yeye alikuwa anazunguka uwanja, mikono nyuma. Otilia alimjua, akajua mambo yameharibika. Kumi na moja! Mwenye Landrova wake angetaka nini zaidi ya hapo? Akaanza kupanga maneno ya kumtetea mtoto, lakini mumewe akamwahi.

“Shigela!” akaita. “Njoo hapa. Wewe umeuza ng'ombe maisha yako yote. Umewahi kuona muuzaji anayesema ng'ombe wangu ni mgonjwa?”

“Sijaona.”

“Mimi nimepimiwa na wanunuzi wa kila rangi. Wote walizidisha upande wao. Hajatokea hata mmoja aliyejipunja mwenyewe. Huyu angetaka kunidanganya angesema tisini. Nani angebisha hapa? Mwalimu angefurahi, mama yake angepiga vigelegele. Kasema kumi na moja.” Akasimama mbele ya bintiye. “Chuo kipo. Darasa lipo. Mjinga gani atatunga kumi na moja? Shigela, mchukue.”

“Baba Kalista!” Otilia akasema.

“Nini tena? Ulitaka auzwe. Ndiyo anauzwa.”

Wakaanza kubishana bei, na hapo Wilibrodi akarudi kuwa Wilibrodi. Kila noti aliinyanyua juani, akaikunja, akaipaka mate kuona kama inatoa rangi. Shigela alisubiri kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea mifugo. Alipomaliza kukabidhi akafungua kamba zizini, na Landrova akatoka bila ubishi, akapita katikati ya uwanja, akaangusha mavi karibu na kiti cha mwalimu. Posta alibaki ndani, akalia mara moja.

Wilibrodi akageuka upande mwingine, akajifanya anatafuta kiko.

Shigela alipofika mlangoni mwa boma alisimama, kamba begani. “Ng'wanawane,” akamwambia Kalista, yaani mwanangu, “mimi sijasoma. Mtu akimaliza hilo darasa lenu la kubanana, anakuwa nani?”

“Inategemea, mzee. Wengine wanafundisha. Wale wanaofaulu vizuri sana huwa wanachukuliwa.”

“Wanachukuliwa na nani?”

“Vyuo vya nje. Ulaya, Kanada. Mwaka juzi walikwenda watatu.” Kalista alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori. “Ndiyo maana sikukubali kuhama darasa. Nimeshajua kosa langu, sasa naweza. Ukienda huko unasoma miaka saba, minane. Kuna mmoja alikwenda kabla sijazaliwa, mpaka leo yuko huko, kitabu chake tunakisoma.”

“Hajarudi?” Shigela akauliza.

“Atarudije? Ana kazi kubwa huko.”

“Kanada!” Wilibrodi akasema, na kiko kilikuwa mkononi muda wote. Akaanza kucheka peke yake, akampiga mwalimu begani. “Mwalimu, umesikia? Debe langu hili litafika Kanada! Utambe tena, mimi nimekuruhusu!” Meshack naye akacheka, kwanza kwa adabu, kisha kwa kweli. Kalista akacheka. Hata Shigela alikwenda zake anacheka, na Landrova nyuma yake.

Otilia hakucheka. Tangu lile neno “atarudije” litoke alikuwa amesimama na mwiko mkononi, uji wa pombe unadondoka mguuni kwake na wala hasikii moto. Ndiye aliyegombana Jumapili na Jumatatu na Jumanne. Ndiye aliyemtuma mtu hadi bondeni kumwita mnunuzi kwa siri. Kama kuna mtu aliyemuuza Landrova, ni yeye.

Akauweka mwiko chini. Akapita kati ya mumewe na mwalimu kana kwamba ni magunia, akamfikia binti yake, akamshika mikono yote miwili, ile yenye majivu kwenye kucha. Wilibrodi akadhani anataka kumpongeza. Akaanza kujisogeza ampishe.

“Mwanangu,” Otilia akasema, “nenda. Hela ipo, nenda. Ila kitu kimoja nakuomba, mimi niliyekuzaa, na usiniulize kwa nini. Naomba ufeli.”